Mbao Mbili Chini ya Pikapu ya Ndizi

Gudu, gudu, gudu. Mlio huo ulitoka chini ya pikapu, ukapita kwenye mikungu ya ndizi tuliyoikalia, ukaniingia mgongoni hadi kwenye meno. Nilikuwa na miaka kumi, na ilikuwa likizo ya Aprili. Mara mbili kwa wiki mimi na mama tulipanda nyuma ya pikapu kule Mitunguu, kwenye joto na mifereji ya maji, tukapandisha hadi Laare, ambako kila mtu alikuwa amejaza miraa shambani na hakubakiza nafasi ya mgomba. Biashara ilikuwa ya mama. Yeye ndiye aliyezichagua zile ndizi zikiwa bado shambani, yeye ndiye aliyeziuza sokoni, na pikapu yenyewe ilipatikana kwa jasho lake. Baba aliendesha. Mbele, kando ya baba, alikaa rafiki yake yeyote aliyehitaji lifti siku hiyo. Nalisema hili mapema kwa sababu ukimsikiliza baba akisimulia, utadhani ndizi zilijipakia zenyewe.

Mlio ule haukuwepo tangu mwanzo. Ulikuja baada ya baba kuinua gari. Msimu ule madereva wa miraa walikuwa wameshikwa na wazimu wa kuinua magari. Ni kweli barabara zilikuwa za udongo mwekundu na mvua ilizigeuza uji, kwa hiyo kuinua kidogo kulikuwa na maana. Lakini hawakuishia kwenye maana. Walichukua vipande vya mbao ngumu, wakavichomeka kati ya springi na ekseli ya nyuma, wakafunga kwa yubolti ndefu, zile boliti zilizopindwa kama herufi U, kisha wakasimama stendi mikono mfukoni wakilinganisha nani gari lake limepanda zaidi. Baba alibeba ndizi, ila roho yake ilikuwa stendi pamoja nao. Wenzake waliweka kipande kimoja kila upande. Yeye akaweka viwili, kimoja juu ya kingine, na jioni hiyo akalizunguka gari mara tatu akitabasamu peke yake.

Springi za gari kama lile ni vyuma virefu vilivyolaliana, na ekseli, ule mhimili unaobeba magurudumu, imefungwa katikati yake. Dereva akikanyaga mafuta mlimani, magurudumu yanasukuma kwenda mbele, na ekseli inataka kujizungusha kwenda nyuma. Springi zinaishikilia. Zikizidiwa zinajipinda, halafu zinajinyoosha kwa kishindo, halafu zinajipinda tena, na gari linarukaruka kama punda asiyetaka mzigo. Ukichomeka mbao katikati, umeipa ekseli nguvu zaidi ya kuzipinda. Haya mimi nayajua kwa kuwa leo ndiyo kazi yangu. Mama hakufundishwa na mtu. Siku moja aligonga paa la gari, akashuka garini palepale mlimani, matope yakiwa yamemfika vifundoni, akachuchumaa kando ya gurudumu la nyuma.

"Baba Kendi, hebu kanyaga pole pole nione," alisema, akimwita kwa jina langu kama kawaida.

Baba alikanyaga. Mama akatazama, akainuka, akajipangusa mikono kwenye leso.

"Hii ekseli inainua pua ukikanyaga. Ni hizo mbao. Hapo mbele kitu itakatika."

"Mama Kendi, wewe kaa na ndizi zako," baba alijibu, na yule rafiki wa mbele akacheka. Bado nakikumbuka kicheko kile, na bado kinanichoma.

Mama hakukaa na ndizi zake. Wiki iliyofuata, baba akiwa stendi, alinishika mkono tukaenda kwa Fundi Gitonga, ambaye gereji yake ilikuwa nyuma ya soko. Alimweleza alichokiona. Fundi alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo sikuwa nimemwona mwanamume yeyote akimfanyia mama kuhusu gari.

"Mama, uko sawa kabisa," alisema. "Mwambie mzee atoe hizo mbao. Ama alete gari niweke chuma, itoke kwa ekseli iende ishike chesisi, hiyo fremu ya chini. Hiyo ekseli haitajizungusha tena. Ni kazi ya asubuhi moja."

Asubuhi moja tu. Mama alipofikisha ujumbe, baba hakuuliza chuma hicho ni cha namna gani. Aliuliza, "Umeenda kunisema kwa gereji?" Na mbao zikabaki palepale.

Ijumaa iliyofuata mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Kwenye mlima wa mwisho kabla ya Laare gari lilianza kuruka. Mama aligonga paa. Dereva mwenye akili angelegeza mguu. Baba akazidi kukanyaga. Kilisikika kishindo kimoja, kros ikapasuka, propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu ya injini nyuma, ikaanguka na kukata bomba la breki, na pikapu ikaanza kurudi nyuma na mzigo wake wote. Mama alinishika nguo akanitupa kwenye majani kando ya barabara. Yeye hakuwahi kuruka. Gari liliingia mtaroni kwa nyuma likalala ubavu, na mikungu pamoja na vyuma vya kando vikamwangukia mguu wa kushoto. Baba na rafiki yake walitoka bila hata mkwaruzo.

Mguu ulipona ukiwa umepinda. Mama hakuweza tena kuzunguka mashamba ya Mitunguu wala kusimama sokoni kutwa nzima, na kufikia Desemba mama mwingine alikuwa ameichukua meza yake. Lakini kilichonikasirisha kuliko hata ajali ni Jumapili ile, wiki chache tu baada yake, baba alipopanda mbele ya kanisa kutoa ushuhuda. "Bwana asifiwe," alisema. "Shetani alitaka kunimaliza na familia yangu pale mlimani, lakini Mungu akakataa." Watu walipiga makofi. Mchungaji akaomba familia isimame ishukuru. Mama alikuwa kwenye benchi, mguu umenyooshwa, hakuweza kusimama, basi akainua mkono. Mimi nilisimama nikiwa nimekunja ngumi. Nilitaka kupiga kelele kwamba Shetani hakukata mbao, hakufunga yubolti.

Leo barabara ile ina lami na mlima unapandwa kwa dakika chache. Nina gereji yangu Nchiru, na vijana wananiletea pikapu wakitaka ziinuliwe, wakinionyesha picha kwenye simu. Wanaokubali niweke na chuma cha kushikilia ekseli, nawafanyia. Wanaosema kinaharibu sura ya gari, nawafukuza kwa maneno ambayo mchungaji hangeyapenda. Mama yuko hai, anatembea kwa fimbo. Baba naye kwa miaka mingi nilikuwa nimemsamehe. Nilijiambia kwamba hakuelewa alichoambiwa, kwamba maneno ya mke yalimpita tu kama yalivyowapita wanaume wengi wa wakati wake, na mtu huwezi kumchukia kwa asichokisikia.

Mwezi uliopita alikuja gereji nimpeleke kliniki. Nilikuwa namalizia pikapu ya mteja, akainama taratibu, akachungulia chini.

"Hiyo chuma ni ya nini?" aliuliza.

"Inazuia ekseli isijizungushe ukipanda mlima."

Alikigusa kwa kidole, kisha akainuka akishikilia bodi ya gari.

"Ndiyo hii mama yako alikuwa anataka niweke," alisema. "Nilijua ako sawa. Lakini ningewaambia nini wale watu wa stendi?"

Nilimfungulia mlango, nikampeleka kliniki, nikamrudisha nyumbani.