Admini wa Kamusi ya Kiha

Nilichaguliwa kuwa admini kwa sifa moja kubwa: siku ya kikao sikuwepo. Tulikuwa tunatengeneza kamusi ya kwenye simu ya Kiha, lugha yetu Waha wa Kigoma. Ni programu huria, yaani yeyote anaichukua bure, anairekebisha, anaongeza maneno. Jukwaa letu la majadiliano mtandaoni nalo lilikuwa wazi kwa yeyote. Wenzangu walilipenda sana neno hilo "yeyote", mpaka yeyote alipoanza kuandika.

Aliyeandika kuliko wote alikuwa mfanyabiashara wa maharage wa Murungu, kule Kibondo. Wazazi wake walikimbia vita Burundi, yeye kazaliwa hapa na uraia anao. Alituletea maneno mengi kuliko sisi sote, jambo ambalo si kila mtu alilipokea kwa shukrani.

Hakulipokea hasa mwalimu mmoja mstaafu wa hapa Kasulu, aliyekuwa amejiteua mlinzi wa Kiha safi. Mfanyabiashara alipoandika "ibiharage", kwa maana ya maharage, mwalimu akajibu kuwa hicho ni Kirundi. Sokoni kwetu kila mama anauza ibiharage, lakini huenda na wao wamekosea miaka yote hiyo. Mfanyabiashara akauliza neno sahihi ni lipi. Badala ya kulitaja, mwalimu akapendekeza kanuni: aandike yule tu atakayethibitisha kwamba babu yake kazikwa Buha, nchi ya Waha. Akaongeza kuwa kamusi si kambi ya wakimbizi.

Jibu alilopewa lilimhusu mama yake. Siwezi kulirudia, ingawa sarufi yake haikuwa na kasoro.

Nikawafungia wote wawili wasiandike kwa wiki moja. Nilijiona nimetenda haki ya kupigiwa mfano, na nikangoja pongezi.

Mwalimu alikuja kwanza, dukani kwangu, ninakouza vifaa vya shule na kutoa fotokopi. Nilikuwa na wateja, nikampa kiti. Kabla hajaanza kunisomea mashtaka, akaingia mzee mwingine mwenye vumbi la safari. Alikuwa ameshusha magunia yake sokoni, na yeye alikuwa akimtafuta admini. Nikamwonyesha benchi.

Kwenye jukwaa mmoja alikuwa na picha ya jogoo, mwingine ya bendera, kwa hiyo sura hawakujuana. Wakasalimiana kwa Kiha, wakaulizana mvua. Nikawa natoa fotokopi polepole kuliko mashine ilivyotaka.

"Na wewe umefungiwa?" mwalimu akauliza.

"Nimefungiwa na huyu binti. Kuna mzee mmoja alinitukana, nikamjibu, basi akatuweka kapu moja."

"Mimi hivyo hivyo. Siku hizi mtu akishapewa kitufe, anajiona mkuu wa wilaya."

Walinisema kwa furaha, mimi nikiwa hatua chache mbele yao, mpaka mwalimu alipomuuliza mwenzake anachangia maneno gani.

"Ya shamba. Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya ibiharage."

Mwalimu akavua kofia yake, akaitazama. Halafu akasema, "Kumbe unaongea Kiha kizuri."

"Wewe ulidhani nazungumza nini?" Mfanyabiashara akamtazama vizuri, na hapo naye akamtambua. "Mama yako hajambo, Mwalimu?"

"Alishafariki."

"Pole. Yale maneno nayarudisha."

Mwalimu alipokea pole, lakini ya kwake kuhusu kambi hakuyarudisha. Alisimama, akaniambia nimfungulie mwenzake kwanza kwa sababu katoka mbali, akaondoka bila kuaga.

Niliwafungulia wote jioni ile. Kesho yake mwalimu aliandika mstari mmoja jukwaani: pendekezo lake la makaburi analiondoa, kwa sababu za kiufundi. Kisha akaanza kulalamikia matamshi ya watu wa Kibondo, na mfanyabiashara akamjibu kwa adabu ya kutisha. Neno ibiharage limebaki. Wenzangu walinipongeza kwa busara yangu, wakaniongezea muda wa uadmini. Safari hii nilikuwepo kikaoni, na nilipokataa hakuna aliyesikia.