Miguu Iliyozoea Toroli

Ndege haikuwa inapaa. Shida yenyewe ndiyo hiyo. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya duka la vifaa vya ofisi pale Tukuyu, mbele ya kompyuta, miguu juu ya pedeli mbili nyeusi zilizolazwa sakafuni. Kwenye kioo kuna ndege ya kivita ya zamani, ya pangaboi moja puani, inanguruma mwanzoni mwa uwanja. Natia moto. Inaanza kukimbia. Inavuta kidogo kushoto. Nairekebisha kwa mguu, na badala ya kunyooka inageuka mzimamzima, inazunguka palepale, bawa linagusa chini, mchezo umekwisha.

"Dada, hiyo ni ndege au pia ya kuchezea?" akauliza kijana mmoja nyuma yangu, na wenzake wakaangua kicheko.

"Kaa wewe basi, rubani," nikamjibu.

Akakaa. Akazunguka vilevile. Wenzake nao wakajaribu, wakazunguka, kisha wakatoka kwenda kula mahindi ya kuchoma sokoni. Hakuna hata mmoja aliyenunua kalamu.

Hiyo ilikuwa miaka ya soko huria, vitu vilipokuwa vinaingia kama vimefunguliwa mlango. Kila gari lililotoka Mbeya lilishusha kitu: viatu vya mtumba, televisheni zilizokwisha kutazamwa na watu wengine huko kwao, majokofu yenye vibandiko vya lugha tusiyoijua. Bosi wangu, mzee Mwislamu mzaliwa wa palepale mjini, aliyekuwa ameuza madaftari na wino tangu ujana wake, alikwenda Dar es Salaam akarudi na kompyuta iliyotumika. Ilikuja na fimbo ya kuongozea ndege, zile pedeli, na mchezo wenyewe ukiwa ndani. Aliniajiri mimi kwa sababu nilikuwa nimesomea kupiga chapa Mbeya na nilisema najua kompyuta. Nilikuwa naijua kwa kuiona.

Kazi yangu hasa ilikuwa kuchapa barua za watu. Lakini Tukuyu mvua haiombi ruhusa, na mvua ikija umeme unaondoka. Mteja anasubiri barua yake ya maombi ya kazi, nimefika mwisho, puu, kioo cheusi, kila kitu kimepotea. Wateja wakaanza kuhamia kwa mama wa jirani, mwenye taipureta isiyojua umeme ni nini. Ndipo bosi akaweka matumaini yake kwenye ndege. Alisema vijana watalipa kucheza, na wakishaingia watanunua na mengine.

Ijumaa moja alirudi kutoka msikitini, akavua kofia, akakaa kwenye boksi la karatasi.

"Binti," akasema, "nimelileta lidude hili watu waingie dukani. Wanaingia, wanacheka, wanatoka. Siku ya gulio lijalo, ndege isipopaa mbele ya watu, ninaliuza. Kuna mtu Mbeya analitaka. Na nikiliuza, mwanangu, sina kazi ya kukupa. Itabidi urudi nyumbani."

Hakuwa mtu mbaya. Alisema huku anaangalia sakafu. Lakini mimi neno "nyumbani" lilinichoma. Nyumbani kwetu, upande wa Kisiba, napapenda mpaka leo. Sikuwa nimepakimbia kwa chuki. Ila nilikuwa nimekwisha kuonja kufungua duka asubuhi, kuitwa dada wa kompyuta, kulala kwenye chumba changu chenye ufunguo wangu. Nirudi? Thubutu. Nilijiambia hiyo ndege itapaa hata kama ni kwa kusukumwa.

Nyumbani kulikuwa kunanisubiri toroli. Baba alikuwa fundi wa mbao, na alilitengeneza nikiwa mtoto: magurudumu ya mbao yaliyovalishwa raba ya tairi, ubao mrefu wa kupakia mikungu ya ndizi, na mbele mhimili unaozunguka kwenye bolti moja. Unakaa juu ya ubao, unaweka mguu huku na mguu huku kwenye mhimili, unaachia, na mteremko unakupeleka wenyewe mpaka barabara kubwa ambako wanunuzi wanasimama. Baba alichonga sehemu mbili za kukanyagia kwa kunipima nyayo zangu, na kila nilipokua akazipanua. Watu walisema toroli si kitu cha mtoto wa kike. Baba akawajibu kuwa ndizi hazijalalamika. Alipofariki niliendelea kuliendesha mimi, mama akitembea nyuma. Nilipohamia mjini mama alibeba ndizi kichwani, lakini toroli alilitunza uvunguni mwa ghala. Kila nikienda kumsalimia alinirudia maneno yaleyale: "Mambo ya mjini yakikataa, toroli lako lipo."

Basi nikaanza kupambana na ndege. Asubuhi kabla wateja hawajaja nawasha kompyuta, navua viatu, nakaa. Niliingia kwanza kwenye ukurasa wa kurekebisha fimbo na pedeli. Pale kuna mstari unaoonyesha ndege inavyoitika ukigusa pedeli. Ulikuwa mkali: ukigusa tu, mkia unarushwa wote. Nikaulegeza, ili mguso mdogo ulete mgeuko mdogo na nguvu yote ibaki mwisho wa pedeli. Katikati nikaacha nafasi ndogo iliyokufa, mahali ambapo mguu ukitetemeka ndege haisikii, maana wangu ulikuwa unatetemeka kweli. Nikajifunza pia kwamba ndege za namna ile zina kigurudumu kidogo mkiani, na ukiivuta fimbo tumboni mwako mkia unakandamizwa chini na ndege inashika njia vizuri zaidi.

Yote hayo yalisaidia. Lakini ilizunguka. Sasa ilizunguka polepole, kwa adabu, lakini ilizunguka.

Nilikasirika nikaipiga meza kofi. Halafu nikafanya kitu ambacho sikuwa nimefanya: nikaacha kuangalia kioo. Nikaiendesha taratibu kama gari linalotafuta maegesho, macho yangu nimeyashusha kwenye miguu. Ndege ikaanza kwenda kushoto. Mguu wangu wa kushoto, bila kuniuliza, ukakanyaga.

Mwe! Nilibaki nimeduwaa. Nilikuwa naendesha toroli.

Kwenye toroli, ukisukuma mguu wa kushoto mbele, gurudumu la kushoto linatangulia na pua inaelekea kulia. Pua inaukimbia mguu. Kwenye ndege ni kinyume chake: ukikanyaga kushoto, pua inakuja kushoto, inaufuata mguu. Kila nilipotaka kuiokoa ndege nilikuwa naisukumia palepale ilikokuwa inaangukia. Na wale vijana walionicheka? Walikuwa wametoka Matwebe na kwingineko vijijini, wote watoto wa miteremko, wote walikwisha kuteremsha ndizi au kuni kwa miguu. Tulikuwa na ugonjwa mmoja. Nikacheka peke yangu mpaka bosi akachungulia kuona kuna nini.

Nilimwendea fundi redio mwenye kibanda nyuma ya soko. Nikamweleza. Akasema hilo dogo, akafungua pedeli, akageuza nyaya, kulia ikawa kushoto. Nikarudi dukani mbio. Nikatia moto, na lo, ndege ikaenda ninakotaka! Nilipiga kelele. Lakini pedeli zile zilikuwa na breki pia: ukikandamiza kwa vidole, gurudumu la upande ule linashikwa. Breki hizo nyaya zake hakuzigusa. Ndege iliposhika kasi nikakandamiza kwa woga, mkia ukavuta huku na gurudumu likavuta kule, ndege ikabinuka kichwa chini.

Nikamrudia. Akazitazama breki, akatikisa kichwa.

"Hizi ziko kwenye ubao wa ndani, nikichokonoa nitaviua vyote," akasema. "Nakurudishia kama zilivyokuwa. Mimi nimeshindwa kugeuza nyaya, dada. Geuza miguu."

"Miguu inageuzwa na bisibisi gani?"

"Hiyo sasa kazi yako." Na hapo kibandani kwake wateja wote wakacheka.

Nilitoka nimevimba kwa hasira, mvua inaninyeshea, pedeli nimezifunika kwa kanga. Lakini njiani nilijikuta natembea na kusema kwa sauti: pua inaufuata mguu. Pua inaufuata mguu. Mama mmoja mwenye tenga la maparachichi alinipisha njia kama anayempisha mgonjwa.

Kuanzia hapo sikupumzika. Nikichapa barua ya mtu, chini ya meza miguu inafanya kazi. Gari likipita barabarani likikata kushoto, mguu wangu wa kushoto unashuka. Jumapili kanisani, mchungaji akielekea kulia mwa madhabahu, nakanyaga kulia. Mama mmoja aliyekaa karibu nami akanifinya nitulie. Ilikuwa kazi ya kuudhi kuliko zote nilizowahi kufanya. Kujifunza kitu kipya si kitu. Kukisahau kile ambacho mwili umekishika tangu utotoni ndiyo vita. Kuna wakati nilikwenda vizuri nusu ya uwanja, nikajipongeza, na palepale mguu wa zamani ukaamka ukakanyaga. Nililia mara moja, nakubali. Nililia kwa hasira, nikafuta uso kwa karatasi ya bosi, nikaanza tena.

Siku ya gulio ikafika. Duka likajaa, maana bosi alikuwa ametangaza sokoni kote kuwa leo ndege inapaa. Nilimwona amesimama mlangoni, tasbihi mkononi, anaitembeza kuliko kawaida. Mtu wa Mbeya naye alikuwepo, amekuja na boksi la kubebea kompyuta. Boksi hilo lilinitia ari kuliko maneno yote.

"Dada wa pia, tupo!" wakaita vijana.

"Angalieni miguu, msiangalie mdomo," nikawaambia.

Nikavua viatu. Fimbo nikaivuta tumboni. Nikatia moto taratibu, si kwa pupa kama zamani. Ndege ikaanza kukimbia, ikavuta kushoto kama kawaida yake. Nilisikia kabisa mguu wa kushoto unataka. Nikaunyima. Nikagusa kulia, kidogo, nikaachia, nikagusa tena. Pua ikarudi katikati. Kasi ikapanda, nikailegeza fimbo, mkia ukainuka, uwanja ukawa unakimbilia chini yetu. Kisha ule mtikisiko wa ardhi ukakatika. Kwenye kioo kukawa na anga tupu.

Kelele zilizopigwa pale zilileta watu kutoka kwenye mabucha. Bosi alisema "Mashallah" akairudia tena na tena. Kutua sikuweza, niliitupa kwenye bahari fulani, lakini hakuna aliyejali. Vijana walikuwa wanagombania kiti, na mimi nasimama nyuma yao napaza sauti: "Pua inaufuata mguu, we, si toroli hilo!" Mtu wa Mbeya aliondoka na boksi lake tupu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kisiba nimebeba sukari na habari. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kuhusu ndege hakuelewa sana, lakini alielewa kuwa kazi ipo. "Ndaga," akashukuru, akimshukuru Mungu, si mimi. Kisha akasema ndizi zimekomaa, na kwa kuwa nipo, tuziteremshe kama zamani. Akalitoa toroli mwenyewe. Alikuwa amelipaka mafuta kwenye bolti.

Tulipakia mikungu. Nikakaa, nikaweka nyayo pale alipochonga baba, zikaenea vilevile. Nilifurahi, sifichi. Nikaachia. Upepo, matope, majani ya migomba yananipiga mabega, mama nyuma anacheka ananiita nipunguze mwendo. Chini kuna kona ya kulia ambayo nilikuwa naikata nikiwa mtoto huku naimba. Nikaifikia, nikataka kulia, nikakanyaga kulia.

Toroli likaenda kushoto moja kwa moja mtaroni.

Nilitoka kwenye matope nina mkwaruzo wa kiwiko tu. Ndizi zilikuwa zimetapakaa. Mama akafika akihema, akanipapasa kichwa na mikono kuhakikisha mimi ni mzima, halafu akalitazama toroli lililolala ubavu, mhimili umepasuka karibu na sehemu ya mguu wa kulia. Nilisubiri anigombeze, na laiti angenigombeza.

"Hukukosea kona hii hata siku moja," akasema.

"Miguu imebadilika, mama."

Akapitisha kidole kwenye ile alama aliyochonga baba, akatoa matope yaliyokuwa yameingia ndani. "Jirani amekuwa akiliomba," akasema. "Nilikuwa namkatalia kila siku. Namwambia mwenyewe atarudi."

Tulikusanya ndizi. Mama akajitwika mkungu wake, mimi nikajitwika wangu, tukashuka mpaka barabarani kwa miguu, na jioni ile jirani alikuja akalichukua toroli.