Kipande cha Bati Kwenye Ekseli ya Ndahani

Mwanangu, siku ile ningetamka neno moja tu, "Haiwezekani," leo ningekuwa na mtu wa kunitukana. Sikulitamka. Nilichukua mkasi wa bati, nikamwambia Ndahani aniachie baiskeli yake hadi jioni.

Juzi ulinijia na krenki ulizonunua mitumbani, ukaniuliza ni ekseli ipi itakubali kwenye fremu yako ya mashindano. Nilikujibu kwa mkato, ukaondoka ukidhani mzee amechoka. Sikuchoka, nilikumbuka. Sasa nakueleza, na la ekseli utalikuta humu humu.

Enzi hizo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne hapa hapa Tabora. Nafasi ya kuendelea sikuipata, nikaenda kujifunza ufundi wa baiskeli kwa Mzee Feruzi. Alikuwa mtu wa mjini wa asili. Babu zake walifika na misafara, wakaoa, wakabaki. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko. Hakujua kusoma, lakini vidole vyake vilisoma chuma kuliko mimi nilivyosoma vitabu. Alikuwa na sharti moja kuhusu ekseli ya kati, ile inayopita kwenye bomba fupi chini ya fremu na kushika krenki zote mbili, ile mikono ya pedali. Ekseli hiyo hukaa kwenye vikombe viwili vya chuma vyenye gololi, na vikombe huingia kwenye bomba kwa kuzungushwa, kama mfuniko unavyoingia kwenye chupa. Mzee Feruzi alikataza spana isiguswe kabla kikombe hakijaingia kwa vidole vitupu, mizunguko mitatu kamili. "Kidole kiulize," alikuwa akisema, "spana ijibu." Kikombe kikigoma, si chake. Kikiingia huku kinacheza, si chake vilevile. Kiweke chini, mwambie mwenye baiskeli asubiri.

Ndahani alikuwa Mgogo na mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujajuana majina. Ninyi vijana mnadhani utani ni mzaha wa kupitisha muda. Babu zetu wapagazi, waliobeba pembe za ndovu kwenda pwani, walipita Ugogo wakiwa na kiu, na Wagogo ndio waliokuwa na visima. Wakagombana, wakatozana, wakazikana, na mwisho wa ugomvi wote ukabaki utani. Mtani hukutukana mbele za watu, nawe huna ruhusa ya kununa. Hukuambia ukweli ambao ndugu yako wa tumbo moja anauonea haya. Na siku ya msiba wako ndiye anayezuia kaburi kwa vituko hadi wafiwa wacheke huku machozi yakiwatoka.

Ndahani alikuwa akiishi kijiji kipya upande wa Itetemia, kwa kuwa ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa na watu wengi walikuwa wamehamishwa. Mtaalamu mmoja wa kilimo, Mwitaliano, alipomaliza mkataba wake alimwachia baiskeli ya mashindano, nyepesi kama kapu tupu, usukani umejikunja kama pembe za kondoo. Kila Jumamosi alikuja nayo kibandani.

"We mpagazi, hujafa tu?"

"Nife vipi na kiu hii? Leo maji bei gani, mwenye kisima?"

Mzee Feruzi alikuwa akicheka hadi akohoe.

Mwaka ule, siku ya Saba Saba, kulipangwa mashindano ya kutoka mjini hadi Isikizya na kurudi. Mshindi angeingia timu ya mkoa na kwenda kushindana Dar es Salaam. Ndahani alikuwa akijipima kila alfajiri kabla ya kwenda shamba la kijiji, na hapakuwa na mtu aliyemkaribia. Hakuwahi kuwa na kitu chake mwenyewe cha kujivunia, mwanangu, ila miguu ile.

Zilipobaki siku tano, krenki zikaanza kucheza kama jino la mtoto. Tulipofungua tukakuta gololi zimesagika na vikombe vimelika. Mzee Feruzi aliingiza kidole kwenye bomba la fremu, akakizungusha taratibu, akasema bomba hili la Kitaliano ni pana kidogo kuliko la baiskeli za Kiingereza, na mji mzima una vipuri vya Kiingereza. Ekseli yake iandikiwe barua Dar es Salaam, isubiriwe miezi. Mashindano yatakuwepo tena mwakani. Jioni ile akapanda treni kwenda Ujiji kumzika shemeji yake, akaniachia funguo.

Nilikwenda kwa Mzee Kasamu, Mhindi aliyeuza vipuri. Alitoa boksi moja lililobaki, akaliweka juu ya meza bila kuliachia.

"Hii ya Kiingereza, bwana. Yako si hii. Pesa yako naitaka, lakini si hivi."

Nilinunua. Nilijua kusoma yaliyochorwa kwenye kikombe, na nilikuwa na rula. Tofauti ilikuwa milimita moja na kidogo. Nilijiambia, milimita moja ni kitu gani kwa mtu aliyesoma? Haraka haraka haina baraka, methali hiyo niliiandika shuleni mara nyingi, lakini siku ile haikunijia.

Nilimwambia Ndahani kuwa kikombe kinacheza. Akashika kiuno.

"Wanyamwezi bwana! Babu yako alibeba pembe ya ndovu hadi baharini, wewe kikombe cha gololi kinakushinda?"

Tukacheka. Simlaumu kwa hilo. Ule ulikuwa utani, na haki yake. Yeye hakujua, mimi nilijua. Kisha akainama karibu yangu, mzaha umemtoka, akauliza kwa sauti ya chini, "Lakini itashika?"

Nikasema, "Itashika."

Nilikata ukanda wa bati kutoka kopo letu la grisi, kopo la rangi ya buluu, nikauzungushia kikombe ili kinenepe. Nikakigonga kwa nyundo, nikakikaza kwa spana ndefu kupita zote. Krenki zikatulia. Niliizungusha baiskeli soko zima mara mbili, nikarudi nimejaa sifa moyoni.

Siku ya mashindano nilisimama mwisho wa njia. Alifika wa kwanza, akafika wa pili, wakafika kumi. Ndahani hakuwamo. Baadaye lilikuja lori la kijiji, naye amelazwa nyuma, goti limefungwa kwa shati lake mwenyewe. Alikuwa ametangulia peke yake, wenzake hawaonekani hata vumbi. Kila alipokanyaga, kikombe kilikuwa kikijifungua kidogo kidogo, na kwenye mteremko bati likateleza, ekseli ikachomoka na krenki yake, naye akaangukia goti kwenye changarawe.

Bwana mmoja wa kamati aliuliza, ni fundi gani aliyefunga ekseli hii? Watu walikuwa wamejaa, wengine wateja wetu. Wakanigeukia.

"Aliifunga mwenyewe," nilisema. "Mimi nilimpatia ekseli tu."

Ndahani alisikia; alikuwa hatua tatu kutoka niliposimama. Akanitazama. Nilingoja anitukane, nakuambia kweli, nililitamani tusi lile. Aligeuza uso. Pembeni mtu akacheka, akasema Mgogo kajifanya fundi. Maneno hayo yalimfuata kijijini kwake mwaka mzima.

Mzee Feruzi aliporudi aliomba kuiona baiskeli. Kikombe alikichomoa kwenye ekseli kwa vidole viwili, na ukanda wa buluu ukadondoka miguuni pake. Akauokota.

"Bati hili ni la kopo letu."

"Ndiyo, mzee."

Aliukunja, akauweka kiganjani mwangu. "Kikombe kisicholingana ni kosa la mkono, na mkono hufundishika. Uliyoyasema mbele ya watu, hayo sina spana yake. Nenda ukayaseme upya, mbele ya watu walewale."

Nilisema nitakwenda kesho. Kesho niliona haya, keshokutwa kukawa na kazi nyingi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema waliotutangulia, maana kidole hupona chenyewe ukikiacha. Nilikwenda masika yalipoanza, tena peke yangu, nikachagua saa ambayo najua watu wako shambani. Nilikwenda kuomba radhi kwa kujificha, kama mtu anayekwenda kuiba.

Nilimkuta ameketi nje, mguu ameunyoosha mbele. Ulikuwa haukunjiki tena.

"Habari za asubuhi, bwana fundi," alisema. "Karibu kiti."

Nilisema yote. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Nimekusikia, bwana. Asante kwa kuja."

Nikajaribu utani wetu: "Leo maji bei gani, mwenye kisima?"

Alimwita mkewe. Mama yule akaleta maji kwenye bilauri safi, Ndahani akaipokea, akanikabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anavyomkabidhi mgeni wa heshima. Nikanywa. Nikarudisha bilauri. Nikaondoka.

Miaka mingi tulikutana mjini, naye hakunipita bila kunisalimu. Alinisalimu vizuri sana. Mama yangu alipofariki, watani wengine walikuja wakalala mlangoni, wakagoma jeneza lisitoke hadi walipwe kuku. Ndahani alikuja na fimbo yake, akanipa mkono, akasema pole sana bwana, akaketi na wageni, na baada ya mazishi akaenda zake. Kisha nikasikia amerudi kwao Ugogo. Mzee Feruzi naye alifariki, sharti lake likabaki kwangu. Watoto wangu wa kuzaa wako mbali, wakipiga simu ni shikamoo baba, marahaba, na maneno mengine yote yana adabu. Nyumba imejaa adabu, mwanangu, na hakuna wa kuniambia kwamba chai yangu haina ladha.

Basi kuhusu ekseli yako. Usinunue kwa macho. Beba ile ya zamani mkononi uende nayo dukani, hata kama imekufa. Pima upana wa bomba la fremu na uwazi wake wa ndani. Tazama ile mistari ya kuzunguka ndani ya bomba, mafundi tunaiita thredi: ya Kiingereza upande wa cheni hukazwa kwa kuzungushia kushoto, ya Kitaliano pande zote mbili hukazwa kulia, na ukilazimisha umeua fremu. Tazama na ncha za ekseli kama zinafanana na tundu la krenki zako, na urefu wake, krenki isije ikasugua fremu wala cheni ikaenda upande. Halafu vidole, mizunguko mitatu. Kikikataa, kubali kukataliwa. Mashindano hurudi kila mwaka.

Na mtu akikuuliza kwa sauti ya chini kama itashika, nawe hujui, mwambie hujui. Ukishakosea, sema siku hiyo hiyo, pale pale ulipokosea, wakiwapo waliosikia. Usingoje masika.

Mungu akupe mkono mtulivu na ulimi usiotangulia ukweli. Akupe barabara kavu na upepo wa nyuma. Akupe na mtani atakayekutukana hadi uzeeni, nawe umtunze.

Mimi nilimwambia mtu "Itashika." Yeye ilimgharimu goti na Dar es Salaam yake. Mimi ilinigharimu yeye, na siku nitakapozikwa hatakuwepo kulizuia jeneza langu.