Mwanne na barua pepe elfu sitini zilizogoma kuhama

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Mwanne Muhammad anafungua mlango wa chumba kidogo kilicho nyuma ya ofisi yao, kata ya Bagara mjini Babati. Anaweka mkoba juu ya boksi la karatasi, anainama mbele ya kompyuta na kutazama mstari wa kijani ulioganda kwenye kioo. Chini yake pameandikwa asilimia 83.

Haketi. Anautazama mstari ule kwa muda, kisha anavua mtandio wa baridi taratibu.

“Jana jioni nimeiacha asilimia 83,” anasema. “Leo naikuta asilimia 83. Sasa usiku kucha ilikuwa inafanya nini?”

Anagusa ruta. Taa moja inawaka, ya pili imezimika. Anaizima, anahesabu hadi thelathini kwa sauti, anaiwasha. Mtandao unarudi. Mstari wa kijani unarudi pia, lakini unaanzia sifuri.

Ni Alhamisi. Zimebaki siku tano.

Mwanne, mwenye umri wa miaka 39, ni mwajiriwa wa Asasi ya Visima vya Bonde, shirika dogo linalosaidia vijiji kuchimba na kutunza visima. Kazi anayoifanya ni kuhamisha barua pepe zote za shirika, za miaka kumi na saba, kutoka seva ya zamani kwenda seva mpya. Ni barua zaidi ya elfu sitini na moja, kwenye masanduku tisa. Matano kati ya hayo ni ya watu waliostaafu, waliohama au waliofariki.

Seva ya zamani ni ya kampuni ya Dar es Salaam iliyokuwa ikiwakodisha huduma hiyo tangu mwanzo. Mwezi wa nne kampuni hiyo iliwaandikia kwamba inaacha biashara ya barua pepe, na kwamba ifikapo usiku wa tarehe 30 mwezi wa sita kila kitakachokuwa kimebaki kitafutwa.

Mkurugenzi wa shirika, Octavian, aliitisha kikao. Mwanne anasema kilichukua dakika saba.

“Akaniambia, ‘Mama Amira, si ni kuhamisha tu? Kama unavyohamisha nyimbo kwenye flashi.’ Watu wakacheka, kikao kikafungwa, tukanywa chai.”

Octavian hakatai. “Nilisema hivyo, ni kweli,” anasema. “Nilidhani ni kazi ya mchana mmoja.”

Mwanne hakusomea kompyuta. Alizaliwa Kondoa, akaja Babati kuajiriwa kama katibu muhtasi, na mpaka leo mkataba wake unamtambua kwa cheo hicho. Anavyoeleza, utaalamu wake ulianza siku karatasi ilipokwama kwenye mashine ya kuchapa.

“Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa karibu nayo. Nikaichomoa ile karatasi. Kuanzia siku hiyo kitu chochote chenye waya kikiharibika, naitwa mimi. Hata feni.”

Kikwazo cha kwanza kilikuwa sanduku la mzee Melkiori, fundi mkuu wa visima aliyestaafu. Lilikuwa na barua nyingi kuliko yote, 23,418, na hakuna mtu ofisini aliyejua neno lake la siri. Mwanne aliiandikia kampuni ya Dar es Salaam mara nne. Mara zote nne alijibiwa na mashine: ombi lako limepokelewa.

Siku ya tano akapanda bodaboda kwenda nyumbani kwa mzee huyo, huko Singe. Alimkuta akipukuchua mahindi barazani.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Umepotea. Ofisi haijambo?”

“Haijambo mzee. Nimekuja kuuliza neno lako la siri la barua pepe.”

Mzee Melkiori alicheka mpaka akakohoa. Alijaribu majina ya watoto wake wote sita, huku Mwanne akiyaandika moja baada ya jingine kwenye simu. Yote yakakataliwa. Akajaribu jina la kijiji alikozaliwa. Likakataliwa. Ndipo mkewe akasema kutoka jikoni, bila kutokeza kichwa:

“Jaribu la yule ng’ombe.”

Lilikuwa jina la ng’ombe wao wa kwanza wa maziwa pamoja na mwaka aliozaa. Sanduku likafunguka. “Mimi nilitaka kulia,” anasema Mwanne. “Mzee yeye alianza kunisimulia habari za ng’ombe.”

Kuanzia hapo alidhani shughuli imekwisha. Alipakua programu ya kuhamishia barua, akaielekeza kwenye seva ya zamani, akaiacha ifanye kazi. Programu ya aina hiyo husoma barua moja moja upande mmoja na kuiandika upya upande wa pili. Umeme ulikatika mara kadhaa, bando la ofisi liliisha mara mbili kabla ya mwisho wa mwezi, lakini baada ya wiki mbili barua 38,000 zilikuwa zimehamia.

Asubuhi moja mhasibu wa ofisi, Hilaria, aliingia akiwa na kikombe cha chai mkononi.

“Mama Amira, mbona watu wote wametuandikia jana?”

Mwanne aliinuka kwenda kutazama. Barua ya mwaka 2010 ilionyesha kuwa imeingia jana jioni. Ya mwaka 2014, jana jioni. Maombi ya kazi ya watu waliokwisha kustaafu, jana jioni. Programu ilikuwa imehamisha barua na kuacha tarehe zake, ikazipa zote tarehe ya siku ya kuhama.

“Nilitoka nje nikasimama pale kwenye tenki la maji,” anasema. “Sikulia. Nilikuwa na hasira mpaka kilio hakikuja.”

Hilaria alimshauri aache tu, kwa kuwa barua zenyewe zipo. Mwanne akakataa. Alimwambia kuwa ripoti ya kisima isiyo na tarehe ni karatasi ya kufungia maandazi. Akafuta zote 38,000, akatafuta programu nyingine inayotunza tarehe, akasoma maelekezo yake, kurasa arobaini za Kiingereza, akiwa na daftari pembeni. Akaanza upya.

“Maelekezo yale yameandikwa na mtu ambaye umeme wake haukatiki,” anasema. “Kila ukurasa unakwambia ‘subiri imalize’. Imalize lini?”

Ndiyo programu iliyokwama asilimia 83 Alhamisi ile asubuhi. Ilikwama tena mchana. Ijumaa ikakwama mara tatu, na mara ya tatu Mwanne alikifunga chumba kwa ufunguo na kwenda kusimama sokoni bila kununua kitu. Jumamosi, saa nane mchana, mstari ulifika mwisho na neno moja likatokea kwenye kioo: Imekamilika.

Alilipiga picha neno hilo kwa simu akamtumia mkurugenzi. Mkurugenzi akajibu kwa kidole gumba.

Jumatatu asubuhi, siku moja kabla ya seva ya zamani kufungwa, ofisini aliingia mwanamume wa makamo mwenye kofia ya sufu na viatu vyenye vumbi. Ni Cornel, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji kimoja cha bondeni, na alikuwa ameondoka kwake alfajiri.

Baada ya salamu alieleza shida yake. Kijiji chao kina kisima kirefu kilichofungwa miaka kumi na mitano iliyopita. Sasa amepatikana mfadhili wa kukiwekea pampu ya jua, na mafundi wangefika Alhamisi ya wiki hiyo hiyo.

“Vijana wanasema kilifungwa kwa sababu pampu iliharibika,” alisema Cornel. “Wengine wanasema ni siasa. Mimi nakumbuka mzee Melkiori alikuja na karatasi, akasema maji yana kitu. Lakini kitu gani? Karatasi yetu ililiwa na mchwa. Bila karatasi, mkutano wa kijiji hawanisikii. Wanasema nachelewesha maendeleo.”

Nakala ya shirika nayo haikuwepo. Mafaili ya miaka hiyo yalilowa mvua ofisi ilipohama, yakatupwa. Mzee Melkiori, alipopigiwa simu, alisema anakumbuka kukifunga kisima hicho, lakini majibu ya maabara hanayo kichwani, kwa kuwa alifunga vingi.

Mwanne akamwambia mgeni asubiri. Alifungua sanduku jipya la mzee Melkiori, akaandika jina la kijiji, zikaja barua arobaini. Alizisoma moja moja. Hakuna iliyokuwa na majibu ya maabara. Lakini moja, ya tarehe 15 Machi 2011, ilikuwa na mstari huu: “Rejea barua yangu ya jana yenye majibu ya maabara.”

Barua ya jana yake haikuwepo.

“Hapo ndipo nilipoogopa,” anasema. “Kama ile haipo, zisizokuwepo ni ngapi?”

Akafanya jambo ambalo, kwa maneno yake, alipaswa kulifanya Jumamosi kabla ya kupiga picha. Alihesabu. Upande wa zamani, barua 23,418. Upande mpya, 23,106. Barua 312 hazikuhama.

Ilimchukua saa nzima kugundua sababu. Seva mpya inakataa barua yenye viambatisho vizito kupita kiwango fulani, na ripoti za maabara za miaka ile zilikuwa zikipigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Kila barua nzito ilikuwa imegonga mlango ikarudishwa. Programu haikupiga kelele. Iliorodhesha zilizokataliwa kwenye faili dogo ambalo hakuna aliyemwambia Mwanne alifungue, ikaendelea mbele, na mwisho ikaandika Imekamilika.

“Nani kakamilisha?” Mwanne anauliza mpaka sasa, akipiga meza kwa kiganja. “Mtu ameacha mizigo mia tatu na kumi na mbili njiani, halafu anakwambia amefika!”

Alipiga simu kwa kampuni ya seva mpya kuomba kiwango kiongezwe. Kijana aliyepokea alimwambia aandike ombi, atajibiwa ndani ya saa sabini na mbili. Seva ya zamani ilikuwa imebakiza saa thelathini na saba.

Mwanne hakubishana naye. Alichomeka hadidisiki na kuanza kuzipakua barua zote 312 kutoka upande wa zamani, moja baada ya nyingine, akianza na zile za mwaka 2011. Cornel alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, kofia magotini. Hilaria alimletea chai na chapati.

Saa nane na nusu mchana barua ya tarehe 14 Machi 2011 ilifunguka. Ilikuwa na kurasa tisa. Kwenye ukurasa wa sita kulikuwa na jedwali, na mbele ya neno floraidi palikuwa na namba iliyozidi mara nne kiwango kinachoruhusiwa. Chini yake mzee Melkiori alikuwa ameandika: “Kisima hiki kifungwe. Watoto wasiyanywe maji haya hata kwa muda.”

Floraidi ni madini yanayopatikana kwenye maji ya baadhi ya visima virefu. Yakizidi, huharibu meno ya watoto, na akiyanywa mtu kwa miaka mingi hudhuru hata mifupa.

Cornel alisoma akifuata mstari kwa kidole. Alipomaliza alifungua mdomo na kumwonyesha Mwanne meno yake ya kahawia.

“Haya niliyapata kwenye kisima kingine, nikiwa mdogo,” alisema. “Kaka yangu miguu imepinda. Na mimi ndiye niliyekuwa naenda kuwafungulia wajukuu bomba.”

Mwanne alimchapia nakala tatu, akagonga mhuri wa ofisi kila ukurasa. Cornel alipiga simu kwa mtendaji wa kijiji akiwa bado amesimama pale kwenye mashine ya kuchapa, akamsomea namba ile mara mbili.

Mkurugenzi Octavian alikuwa amesimama mlangoni wakati huo. Hakusema habari ya nyimbo wala flashi. Alichukua simu ya mezani akaipigia kampuni ya seva mpya, na alipoambiwa aandike ombi, akaomba kuongea na mkubwa wao, kisha mkubwa wa huyo mkubwa. Mwanne anasema hakuwahi kumsikia bosi wake akisema neno “haraka” mara nyingi kiasi kile.

Jumanne saa tano asubuhi kiwango kiliongezwa. Saa kumi na moja jioni Mwanne alihesabu tena, akahesabu na masanduku mengine yote nane. Zilikuwa zimeingia zote isipokuwa moja iliyoharibika tangu zamani, salamu za Krismasi za mwaka 2013. Aliiandika kwenye daftari hata hivyo, tarehe na aliyeituma, akaweka sahihi.

Wiki iliyofuata Cornel alipiga simu. Mkutano wa kijiji ulikuwa umekubali kisima kibaki kimefungwa, na mfadhili ameahidi kulipia upimaji wa eneo jingine kabla ya pampu kwenda popote. Baadhi ya vijana bado wamenuna. Cornel amebandika ukurasa wa sita kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, juu kabisa, mbali na mchwa.

Ofisini Bagara, Mwanne anasema hasira haijamwisha. Anakasirika akikumbuka kidole gumba cha mkurugenzi, na anajikasirikia mwenyewe kwa ile picha ya Jumamosi. Kama Cornel angechelewa siku mbili tu, ripoti ile ingekuwa imefutwa na hakuna ambaye angejua kuwa iliwahi kuwepo.

Mezani kwake kuna fomu ya chuo kimoja cha Arusha, kozi ya cheti ya mitandao ya kompyuta, madarasa ya Jumamosi. Ameshaijaza, na mkurugenzi ameshaisaini. Masomo yanaanza mwezi wa tisa. Binti yake Amira, aliye kidato cha tatu, amemuuliza kama haoni aibu kukaa darasani na watoto wa rika lake.

“Nimemwambia aibu ninayo,” anasema Mwanne, akiikunja fomu na kuitia kwenye bahasha. “Lakini miaka yote hii nimejifunza kwa kuharibu na kurekebisha, roho ikiwa mkononi. Safari hii nataka mtu anifundishe kabla kitu hakijaharibika.”