Kaisari wa Dungu la Mpunga

Debe likigongwa popote, hata kama ni fundi tu anayekunja bati, mkono wangu wa kulia huinuka wenyewe kutafuta kombeo. Nimezeeka, magoti yanalia nikiondoka mkekani, lakini mkono huo haujapewa habari. Ulifundwa msimu mmoja tu, kwenye konde la baba kando ya mto Sabaki, upande wa Magarini, wakati mpunga ulipokuwa unatia maziwa. Mpunga ukifika hapo una harufu yake, kama uji ulioanza kuchemka, imechanganyika na ya matope yanayokauka baada ya mto kurudi mahali pake. Ukiisikia wewe, ujue na kwelea wameisikia. Ni videge vidogo vyenye midomo myekundu, lakini huja kama wingu, na wingu hilo likitua, konde hubaki mabua. Ndiyo maana sisi watoto tulipelekwa kuamia, kufukuza ndege wasile mpunga, tangu kabla ya jua kuchomoza mpaka ndege wenyewe walipokwenda kulala.

Mwaka ule mjomba alikuwa amemrudisha kaka yangu Kazungu kutoka Malindi, alikokuwa akikaa kwake na kusoma. Alisema maisha yamekuwa magumu na mtoto wa dada yake anakula kama watu wawili. Baba alitukusanya akatuambia, mama akisikia, kwamba mpunga ule ukiiva salama utasomesha mtoto mmoja. Hakusema yupi. Alisema ni yule atakayeuokoa. Mimi Kadzo nilikuwa sijakanyaga darasa. Nilikuwa nikipita nje ya shule na mzigo wa kuni kichwani, nasikia watoto wakiimba herufi, nami naziimba njiani bila kujua zina sura gani. Maneno ya baba yakaniingia kama mwiba. Nikasema moyoni, mpunga huu hata shomoro hataonja.

Kazungu naye alirudi na mashati mawili na kichwa kilichojaa Warumi. Mwalimu wao aliwasimulia habari za makaisari waliotawala dunia, na yeye alitusimulia sisi, mimi na mdogo wetu Charo na watoto wa ami, huku amekaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti cha kumkalisha mlinzi. Alituambia jeshi lisilo na Kaisari ni kundi la mbuzi. Akachukua leso nyekundu ya mama, akajitupia begani, akajisokotea taji la majani ya mkilifi, huo mwarobaini, akajitangaza. Hatukumchagua. Alikuwa mkubwa, alikuwa na leso, na alikuwa juu ya dungu. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile na nimeona wakubwa wengi wakitawazwa, sijaona njia nyingine iliyozidi hiyo sana.

Utawala wake ulikuwa wa amri. Maji ya kunywa apelekewe yeye kwanza. Muhogo wa kuchoma apelekewe yeye kwanza. Siku moja Charo alisinzia, ndege wakala ukingo mzima, Kazungu akasema kwa Warumi jeshi likizembea huhesabiwa kumi kumi, kura ikimwangukia mmoja wa kumi anapigwa na wenzake. Sisi hatukufika kumi, kwa hiyo alijazia na mbuzi wa jirani. Kura ikamwangukia mbuzi. Dama, binti wa ami, akacheka hadi akakaa chini, akamwuliza Kaisari kama mbuzi atapigwa sasa hivi au angojwe anye kwanza. Kazungu akakasirika, akasema mbuzi hahesabiki, na Charo akapigwa fimbo vilevile. Nikamfuta machozi kwa kanga yangu. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba sheria ya mkubwa ni kama pua ya nta, huielekeza atakako.

Nami nikawa jemadari. Cheo hicho alinipa mwenyewe, maana kombeo langu lilikuwa halikosi, na yeye hakupenda kuteremka kwenye tope. Amri yake ilikuwa sote tusimame kulizunguka dungu tugonge madebe. Kaisari alilindwa vizuri sana, mpunga ukaliwa pembe zote. Nikawaangalia wale ndege siku kadhaa. Hawakuingia kondeni moja kwa moja. Alfajiri walitua kwanza kwenye matete ya mtoni, wakapiga kelele zao pale kama watu wanaopangana zamu, ndipo wakaja. Nikapanda dungu nikamwambia Kazungu tuwafuate kwenye matete, tuwavuruge kabla hawajakusanyika. Alinitazama chini ya lile taji lililokwisha kunyauka, akanijibu jibu ambalo sijalisahau.

"Nenda. Lakini ujue, jemadari akishinda, ameshinda Kaisari. Akishindwa, ameshindwa mwenyewe."

Nikaenda. Tulifunga kamba ndefu za makumbi kutoka tete hadi tete, tukaning'iniza makopo yenye vijiwe ndani, na kabla hakujapambazuka tulikuwa tumeshajificha, maji ya Sabaki magotini, baridi inatutafuna. Wingu lilipotua tulivuta kamba kwa pamoja. Sauti ile! Matete yote yalipiga kelele kama jiko la harusi lililoporomoka. Ndege waliruka, wakazunguka, wakajaribu tena, tukavuta tena, na mimi kombeo mkononi nikiwapiga waliokaidi. Kila alfajiri tukafanya vile. Kamba zikanichubua viganja mpaka mama akawa ananipaka mafuta ya nazi jioni. Polepole ndege wakahama, wakatafuta konde la watu waliolala. Kaisari wakati huo alikuwa dunguni, amejifunika leso, anasikiliza vita kwa mbali.

Mpunga ukaiva. Baba akaja na wazee wawili wa jirani, akapita katikati ya masuke yaliyoinama, akayashika kama anayeshika kichwa cha mtoto. Akauliza ni nani aliyeulinda. Kabla sijameza mate Kazungu alikwisha kusogea mbele.

"Ni mimi, baba. Mimi ndiye niliyetoa amri."

Charo akanitazama. Dama akanitazama. Jeshi zima lilinitazama mimi, si yeye, na lingesema nilichosema. Mimi nikatazama ardhi, kwa sababu msichana hamkanushi kaka yake mbele ya wazee, ndivyo tulivyofunzwa. Baba akaona viganja vyangu. Aliviona, najua, maana alivishika akavigeuza. Kisha akasema kwa upole, "Na wewe Kadzo umemsaidia ndugu yako vizuri." Umemsaidia. Wali wa mpunga ule ulinuka mji mzima siku ya kwanza ulipopikwa, nami nikamsogezea Charo sahani yangu. Kazungu akarudi Malindi akasoma. Mimi nikarudi kwenye kuni.

Herufi nimezijua ukubwani, kwenye gumbaru, shule ya watu wazima, nimekaa na wanawake wenzangu tukizicheka ndimi zetu. Aliyenimalizia ni mjukuu wangu Mbeyu, na mjukuu huyo nitajivuna naye mpaka nizikwe, kwa sababu amesoma historia mpaka chuo kikuu. Nikamwomba anisomee hao Warumi waliokula shule yangu. Akanisomea. Kumbe Kazungu hakudanganya, ndivyo ilivyokuwa: jemadari hupigana nchi za mbali, ushindi huandikwa kwa jina la Kaisari. Jemadari aliyeshinda kupita kiasi aliweza kuitwa nyumbani kwa maneno matamu, akifika anaambiwa ajiue. Lakini kulikuwa na mmoja, akasema Mbeyu, aliyeamriwa aliache jeshi arudi peke yake, akafika ukingoni mwa mto, akasimama, akawaza, akauvuka na jeshi lake, akawageukia wakubwa waliomwamuru. Nikauliza mto wenyewe ulikuwa mkubwa kiasi gani.

"Kijito, hawe. Sabaki ungekimeza," akaniambia; hawe kwetu ndiye bibi.

Nilikasirika hata chai ikapoa. Jeshi nilikuwa nalo. Mto nilikuwa nimesimama ndani yake kila alfajiri. Hakuna aliyeniambia kwamba jemadari anaweza kugeuka. Waliniambia aliye juu mngoje chini. Nimengoja, shingo imeniuma kwa kutazama juu, na hajashuka. Hata leo nikienda kwenye chama chetu cha akina mama, sisi tunapalilia bustani, mgeni akija anayesimama kupokea makofi ni mwenyekiti, na kucha zake ni safi. Madungu yamejengwa kwa saruji siku hizi, basi.

Mwezi uliopita tulimfanyia Mbeyu sherehe ya kumaliza chuo. Kazungu alikuwapo, mwalimu mkuu mstaafu, koti jeusi, anaamkiwa shikamoo na kila mtu. Akapewa kipaza sauti. Akaanza hadithi yake ileile ninayoisikia kila harusi na kila matanga, jinsi alivyouokoa mpunga wa baba. Ndani yake ndege wameongezeka kila mwaka. Safari hii walilifunika jua, naye alikuwa peke yake. Watu wakapiga makofi. Charo, mzee sasa kama mimi, ananitazama kutoka viti vya mbele, vilevile alivyonitazama siku ile. Mbeyu akainama sikioni mwangu.

"Hawe, mto ndio huo."

Nikainuka, magoti yakilia. Watu wakanipisha kwa heshima zote, wakidhani naenda kuangalia wali.