Klorini ya Kumpokea Mgeni

Nimewahi kuona bwawa zima la samaki likiuawa ili mgeni mmoja anuse usafi.

Ilikuwa Mishamo, makazi ya wakimbizi wilayani Mpanda, mwaka 1997, wakati wa kipindupindu. Nilikuwa bwana afya, nimetoka chuoni juzi tu.

Zahanati yetu ilioshwa kwa klorini kutwa. Maji yake yaliteremka kwa mtaro hadi bwawa la jirani yetu, Mama Annonciata. Perege wake walikuwa wakisubiri harusi ya binti yake, Lidia, Jumamosi.

Nilichimba shimo la kuyazuia. Kila jioni niliyatia chumvi ambayo wapiga picha wa Mpanda huitumia kukazia picha zao gizani. Chumvi hiyo huvunja makali ya klorini. Kisha nilitumbukiza perege mdogo kwenye ndoo ya maji hayo. Akiamka mzima, nafungulia mtaro.

Mama Annonciata alinitazama kwa mashaka. Akasema samaki wakifa, nitasimama mwenyewe mbele ya wakwe kueleza.

Nikakubali.

Samaki hawakufa. Tatizo likawa moja tu: maji hayakunuka klorini tena.

Siku ambayo mkaguzi wa afya alitarajiwa kufika, msimamizi wangu, Kasimiri, aliinama mtaroni akinusa.

"Bwana mdogo, mgeni atajuaje kama tunasafisha?"

Nikamweleza habari za ndoo.

"Mgeni hana shida na ndoo yako. Ana pua."

Akanituma barabarani nikampokee. Nyuma yangu akamwaga pipa zima la klorini mtaroni, akafungulia.

Niliporudi na mgeni, macho yalituwasha tukiwa bado getini. Bwawani, perege walielea matumbo juu.

Kasimiri, mikono nyuma, akamuuliza mgeni ameionaje hewa ya hapa kwetu.

Mgeni akapenga kamasi.

"Mnisamehe, ndugu zangu. Nina mafua tangu Tabora. Sisikii harufu yoyote. Ila nimesikia mna perege watamu."

Mchana alikula maharage.

Jumamosi nilisimama mbele ya wakwe, nikaeleza. Hawakucheka. Harusi nzima ikala maharage, isipokuwa Kasimiri. Mama Annonciata alimwekea perege mmoja mkavu, aliyemwokota siku ile.

"Kula, baba. Huyu ni msafi kabisa."

Kasimiri hakumgusa.

Ndugu msomaji, ukitaka kujua kama maji ni salama, iache pua yako. Muulize anayeishi majini.