Mguu Alioonyeshwa Daktari

Wifi yangu alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Bi Pindo. Umpelekee gauni la dukani la bei yoyote ile, atalifumua pindo alishone upya. "Wamelipualipua tu hawa," atasema, uzi mdomoni. Miaka ishirini na mitatu alikanyaga cherehani kibarazani kwetu kwa mguu wa kulia, na kila asubuhi hakukosa la kunichokoza: "Umeamka, mvivu wa kaka yangu?" Nami simwachii, namrudishia yake na chenji juu.

Sukari alikuwa nayo siku nyingi. Kidonda kikamtoka kwenye unyayo huohuo wa kulia, akakifunga kitambaa na kuendelea na sare za shule. Siku nilipokiona kilikuwa kimeshachimba mpaka ndani, na harufu juu. Nikafoka mpaka majirani wakachungulia. Zahanati ilikuwa mbali na foleni yake ni ya kutwa, mtu wa mguu ule asingeiweza. Nesi mmoja wa mtaani akatuambia siku hizi yuko daktari anayeona wagonjwa kwa simu ya video, akatuwekea miadi ya Jumanne, saa nne asubuhi.

Habari zikafika saluni ya jirani. "Thubutu!" msusi akasema. "Daktari wa kwenye simu? Leo unamwonyesha yeye mguu, kesho unatazamwa na dunia nzima." Mteja aliyekuwa anasukwa akadakia, "Na harufu ya kidonda ataisikiaje, kwa spika?" Wakacheka. Wifi naye akacheka, lakini nilimwona akivuta gauni kufunika vidole.

Jumanne akaoga, akavaa gauni lake zuri kuliko yote, akajipaka poda. Mimi nikashika simu. Daktari alikuwa binti mdogo, mwenye adabu zake.

"Shikamoo, mama. Mnaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Hatujambo, tunamshukuru Mungu."

Hatujambo! Na mguu unamwaka moto hadi kwenye goti.

"Naomba niuone huo mguu."

Wifi akavua kiatu cha kushoto. Kisigino kilikuwa na mpasuko wa kawaida, kama wa mtu yeyote. Binti akakitazama, akauliza, "Kidonda ni hiki tu, mama?"

"Ni hicho tu, mwanangu."

Akanikata jicho. Mimi ninayejibizana hata na polisi, nikanyamaza. Nitamwumbuaje dada wa mume wangu mbele ya mgeni, kwamba ni mwongo, tena mwongo mwenye kidonda kinachonuka? Daktari akasema apake mafuta, aendelee na dawa zake za sukari, atapiga tena baada ya wiki mbili.

Simu ilipokatika nikamshukia. "Wewe una akili kweli?"

"Nimwonyeshe mtoto wa watu uozo ule?" akasema. "Picha ibaki humo maisha? Daktari ni yule anayekushika kwa mkono wake, wifi. Nikipata nafuu kidogo nitakwenda mwenyewe."

Tukanuniana siku tatu. Nisamehewe tu, siku tatu nzima nilimnunia mgonjwa.

Siku ya tisa akapandwa na homa, akaanza kuweweseka. Tukakodi gari kumpeleka hospitali kubwa. Huko wakasema mguu ukatwe juu ya goti, upesi. Akili zilimrudi kidogo, akamwuliza daktari wa pale, "Sasa cherehani nitakanyagia nini?" Sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu, akafa hata chumba cha upasuaji hajafika.

Tumemzika, wageni wameondoka, simu ikaita. Ni yule binti, wiki mbili zake zimetimia.

"Shikamoo, mama. Naomba nimwone mgonjwa wetu."

Nikamwambia.

"Lakini mguu niliouona..."

"Ule ulikuwa mguu mzima, mwanangu. Ule mgonjwa hatukukuonyesha."

"Kwa nini hamkuniambia? Ningewaita hospitali siku ileile." Hakupandisha sauti. Laiti angenitukana.

Mume wangu alikuwa amekaa pale pembeni, anasikia kila neno. Habari za Jumanne ile nilikuwa sijamweleza. Akasubiri nikate simu.

"Dada alipoonyesha mguu, simu alishika nani?"

"Mimi," nikasema.